Gari Limeandikwa Feri, Mwisho Wake Buxton

Tangu mwezi wa Machi naandika nyuma ya daftari langu la mauzo kila gari ninalopanda asubuhi kutoka Kiembeni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa: saa niliyokaa kitini, saa niliyoshuka, nauli niliyotoa, na mahali niliposhushwa. Mimi nauza leso Mtaa wa Biashara, hatua chache kutoka Marikiti, na gari ninalolihitaji ni moja tu, lile lililoandikwa ubavuni KIEMBENI – POSTA – FERI, yaani mpaka kivuko cha Likoni. Nimelipanda zaidi ya miaka kumi na minane. Nililipanda nikiwa na mimba ya binti yangu, na sasa yeye mwenyewe analipanda kwenda chuoni Tudor. Kwa hivyo haya si maneno ya mtu aliyeudhika siku moja akakimbilia kuandika.

Siku nilizoziandika ni 24, zote za kazi. Mara 9 nimeshuka Posta, mahali pangu. Mara 11 nimeshushwa Buxton, ukivuka tu daraja la Nyali, kabla ya kufika Posta. Mara 4 sikuvuka hata daraja. Tuliteremshwa Kengeleni tukaingizwa gari jingine. Nauli zote 24 nimelipa ya mjini. Na katika zile mara 9 tulizofika Posta, mara mbili tu ndiyo niliyomsikia makanga akiendelea kuita Feri. Nyingine ziligeuza palepale.

Hakuna aliyetangaza kuwa ruti imekatwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jamu, kuliko mvua, kuliko hata nauli. Ingekuwa imebandikwa karatasi stegini kwamba kuanzia tarehe fulani magari ya Kiembeni mwisho wake Buxton, nauli shilingi kadhaa, ningenuna siku mbili kisha ningepanga maisha yangu. Ningejua niamke saa ngapi na nibebe pesa ngapi. Lakini ruti iko vilevile ubavuni mwa gari kwa herufi kubwa, na makanga anaita vilevile, "Posta Feri, Posta Feri, beba beba, wawili twende!" Unaingia. Unalipa ukifika Bombolulu. Unavuka Nyali, gari linakata kona, linazima, na makanga anapiga bati: "Hapa ndiyo mwisho, mamangu. Mbele kumefunga."

Mbele hakujafunga. Nikishuka naziona gari nyingine zikipita polepole.

Niseme kuhusu ule mstari wa manjano wa ubavuni mwa gari, kwa sababu vijana wengi wanaofanya kazi hii leo walikuwa watoto ulipoanza. Haukuchorwa kwa urembo. Kanuni za 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile ambazo watu wote tunaziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ndizo zilizotaka gari la abiria liwe na mkanda wa manjano na ruti yake ijulikane kwa maandishi. Pamoja na hayo zikaja mikanda ya kujifunga, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na abiria 14 badala ya 18. Wiki ile ya kwanza tulitembea kwa miguu, maana magari mengi yalikuwa hayajatimiza masharti. Nililivuka daraja la Nyali nikiwa nimevua viatu, na wala sikulalamika, kwa sababu kabla ya hapo nilishakaa miaka na goti la mtu mbavuni. Niliamini tunaanza kuheshimiwa. Ruti iliyoandikwa ni ahadi kwa abiria, na ahadi hiyo ilipata nguvu ya sheria ili tusiwe tunabahatisha.

Sasa mikanda imekatika, tunakaa na sambaza, ule ubao wa abiria wa ziada, katikati jioni, na ruti ya ubavuni imebaki rangi tu.

Kuuzwa kule Kengeleni nako kuna kisa chake. Abiria wa mjini hawahitaji maelezo, lakini kwa mgeni: gari likiona halitaki kuendelea, makanga wake anaongea na makanga wa gari la nyuma, anampa pesa kidogo, na nyinyi mnahamishwa. Tunasema, "Tumeuzwa." Yule aliyewanunua amepewa nauli pungufu, kwa hivyo hana haja nanyi. Mnasimama mlangoni, mnabanwa, na mkifika mnakotaka kushuka anajifanya hasikii "shukisha."

Siku moja ya Mei, mvua ya masika inamwagika kama ndoo iliyopinduliwa, tuliuzwa watu kumi na mmoja. Kati yetu alikuwapo mzee mmoja amevaa kanzu na kofia ya kiua, anakwenda kliniki hospitali kuu pale karibu na Buxton, mkononi ana bahasha ya picha za eksirei ameifunga kwa mfuko wa plastiki. Gari la pili lilikuwa na nafasi za watu sita. Wale wenye nguvu waliingia. Mzee akabaki na mimi, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na vijana wawili waliotuonea haya wakashuka tena. Makanga wetu tulimuuliza nauli yetu. Akasema, "Nishawalipia, mzee wangu, subirini la nyuma." La nyuma halikuja. Tulikuja kupanda la tatu, tukalipa upya, na mzee alifika kliniki saa 3:10 ilhali kadi yake imeandikwa saa 2:00.

Neno hilo la kuuzwa silipendi, na silipendi zaidi likitamkwa pale. Kengeleni imepewa jina na kengele ya Freretown, na Freretown ni makazi waliyopewa watumwa waliokombolewa, miaka ya 1870. Bibi zao na babu zao baadhi ya majirani zetu walikanyaga ardhi ile wakiambiwa kuwa kuuzwa kumekwisha. Sifananishi yao na yetu, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba mtu mzima aliyelipa nauli yake asizoee kusema "tumeuzwa" huku akicheka.

Nilitaka kujua sababu, nisije nikamwonea mtu. Mtoto wa jirani yangu ni dereva kwenye ruti hiihii, kijana ninayemjua tangu anatambaa. Nilimwita siku ya Jumapili nikamtilia chai na mahamri, nikamwambia, "Mwanangu, niambie ukweli, mbona hamfiki Feri?"

Akanihesabia vidole. Hesabu ya mwenye gari ni Sh3,500 kila siku, Mungu anyeshe Mungu asinyeshe. Mafuta yake. Pesa za stegi. Kinachobaki ndicho anachogawana na makanga, na kuna siku hakibaki kitu. Sasa, akasema, saa 1:30 asubuhi kutoka Buxton kupita Digo Road mpaka Feri na kurudi, ni dakika 50 za kusukumana na tuktuk na mikokoteni, na kurudi huko gari ni tupu, kwa kuwa asubuhi hakuna mtu anayetoka mjini kwenda Kiembeni. Akigeuza Buxton, kabla ya saa mbili na nusu yuko tena Kiembeni, na stegi bado imejaa. Hiyo ni safari moja zaidi ya watu 14. Safari hiyo moja ndiyo chakula cha watoto wake.

"Kwa hiyo zile dakika 50 nazilipa mimi," nikamwambia.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Ni kweli, mama. Lakini mimi nazo sina."

Nilimwelewa. Na ninataka wanaosoma wamwelewe pia, kwa sababu wengi wetu hasira zetu tunazimalizia kwa makanga mlangoni, kijana wa miaka ishirini na moja aliyeshikilia bomba la mlango tangu alfajiri, na mwenye gari aliyepanga hesabu tusimwone kabisa. Hesabu isiyobadilika, mvua au jua, ndiyo inayolikata gari Buxton. Jiografia nayo imechangia. Sisi wote wa kaskazini, Kisauni, Bombolulu, Bamburi, Shanzu, Mtwapa mpaka Kilifi, tunaingia kisiwani kwa daraja moja, lile la 1980 lililochukua nafasi ya daraja la kuelea. Kazi ya kupanua barabara ya Malindi nayo imehamisha stegi, leo huku kesho kule, na vumbi lake tunalijua wote. Hayo siyakatai.

Lakini hesabu ya mwenye gari si deni langu. Mara zile 11 za Buxton zimenitoa Sh550 za tuktuk mpaka Marikiti, juu ya nauli niliyokwisha kulipa. Kwenye doti moja ya leso mimi napata faida kama Sh100. Basi hiyo ni faida ya doti tano na nusu, imeishia kwenye kiti cha tuktuk, na sijahesabu mteja wa kwanza ambaye alikuta mlango umefungwa akaenda duka la pili. Kwa wauza leso mteja wa asubuhi ni wa baraka, na akitoka mikono mitupu siku nzima inakuwa nzito.

Na nauli yenyewe ina historia. Kabla ya korona ilikuwa Sh50. Mwaka 2020 serikali ilipoamuru magari yapunguze abiria, gari la 14 likabeba 8, nauli ikapanda na sote tukakubali kwa kuwa tuliona viti vilivyo tupu kwa macho yetu. Viti vikajaa tena. Nauli haikurudi. Sasa ni Sh70 wakati wa kawaida na Sh100 likianguka tone moja la mvua. Kwa hivyo tunalipa zaidi ya zamani, na safari imefupishwa.

Asubuhi ruti imekatwa kichwa. Jioni inakatwa mkia, na huu mkia ndio unaoninyima usingizi.

Nafunga duka saa 12 jioni. Baada ya Maghrib, stegi ya Marikiti utasikia "Bombolulu! Mtambo! Mia, mia!" Wa Kiembeni ndani hasikiki. Gari lililoandikwa Kiembeni linatushusha barabara kuu, kwenye njia ya kuingilia, na kutoka pale mpaka kwetu ni bodaboda ya Sh50 au miguu. Mimi nimeshakuwa mtu mzima, naogopa mbwa kuliko watu. Binti yangu ana miaka kumi na minane. Siku za masomo ya jioni anashushwa pale barabarani saa mbili, wakati mwingine saa mbili na nusu, na kipande cha katikati hakina taa. Nakaa kibarazani na simu mkononi, nimefunga leso kiunoni niko tayari kutoka, mpaka nisikie hatua zake. Makanga anayesema "mwisho hapa" kwa wasichana watatu usiku, ili awahi kugeuza, sidhani anajua ni nyumba ngapi ambazo mama amekaa kibarazani. Ningependa ajue.

Mazuri yapo, na nisipoyataja nitakuwa nimewadhulumu.

Gari la kwanza la alfajiri, lile linaloondoka saa 11:20, halijawahi kunikatia safari hata mara moja. Siku nilizowahi kulipanda, linafika Feri kweli, na linafika mapema, kwa sababu barabara ni nyeupe. Wanaolitegemea ni mabaharia wa bandarini, wapishi wa mahoteli, walinzi, na wale wa kuvuka Likoni. Dereva wake ni mtu wa makamo, anaweka Kurani mpaka Bombolulu kisha anaizima ili watu wasinzie. Kila mtu amekaa kiti chake. Tatizo ni kwamba siwezi kufungua duka saa 12 asubuhi, na mji haujaamka.

Na kuna makanga mmoja, mrefu, ana pengo la jino la mbele. Mwezi wa nne nilisahau korja nzima ya leso chini ya kiti, mpya, zimefungwa kwa kamba. Nililia hadharani pale Posta, sioni haya kusema. Kesho yake asubuhi alikuwa amenisubiri stegini na furushi langu, kamba haijafunguliwa. Alisema aliuliza kwa kila mama anayebeba leso mpaka akaambiwa ni mimi. Nilimpa doti moja ampelekee mamake, alikataa, nikamlazimisha. Kwa hivyo nikisema huduma ni mbovu sisemi watu ni wabovu. Kijana huyuhuyu, wiki mbili baadaye, alinishusha Buxton. Aliangalia chini akasema, "Nisamehe, mamangu, leo hesabu haijatimia."

Wengine wataniuliza kwa nini nisipande magari ya Mtwapa. Nimeyajaribu. Yale makubwa kidogo yana nidhamu zaidi na mengi yanaingia mjini, lakini yakifika upande wetu asubuhi yameshajaa, na mimi kwanza nitoke Kiembeni mpaka barabarani. Siku mbili nimengoja dakika 40 nikiyapungia mkono. Mwenye kukaa kando ya barabara kuu yatamfaa. Sisi wa ndani hayatufai.

Nilikwenda ofisi ya sako, chama cha wenye magari. Kanuni za 2014 za mamlaka ya uchukuzi, NTSA, zinataka kila gari liwe chini ya sako au kampuni, ili kuwe na mlango ambao abiria anaweza kuubisha. Niliubisha. Nilibeba daftari. Karani alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasoma kurasa zote mbili kwa utulivu, akasema, "Tutaongea na vijana." Nikamwuliza, na wenye magari mtaongea nao? Akasema wenye magari huja kwenye mkutano wa mwaka. Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita, na tangu hapo sijaona tofauti.

Nilichowaomba si kikubwa. Kama gari la saa moja asubuhi haliwezi kupita Digo Road, liandikwe Kiembeni–Buxton na nauli iwe ya Buxton. Likitaka kubadili njia, makanga aseme kabla ya kutoka stegini, wakati abiria bado ana hiari ya kushuka. Abiria akihamishwa gari, arudishiwe pesa yake mkononi, akalipe mwenyewe huko aendako. Na baada ya saa moja usiku gari lililoandikwa Kiembeni liingie Kiembeni. Hilo la mwisho nilimwomba karani mara mbili.

Nikitoa nyota, natoa mbili kati ya tano. Moja ni ya gari la alfajiri. Ya pili ni ya kijana mwenye pengo.

Kwa anayehamia huku kwetu, maana nyumba zinajengwa kila siku na kodi ni nafuu kuliko Nyali: usiangalie maandishi ya ubavuni, muulize makanga kwa mdomo, mbele ya watu, "Mwafika Posta? Mwafika Feri?" na ungoje ajibu kabla hujapanda. Ukiwa na miadi ya hospitali au benki, ondoka saa nzima mapema zaidi ya unavyodhani. Beba Sh50 za mkononi kwa ajili ya tuktuk. Jioni, mkiwa watatu au zaidi mnaokwenda Kiembeni ndani, semeni hivyo mkiwa bado stegini, kwa pamoja, na mara nyingi dereva ataingia. Mmoja peke yake hasikilizwi.

Na nauli msitoe Bombolulu. Mimi siku hizi yangu naishika mkononi, naionyesha ili makanga aone kuwa ipo, na namwambia nitaitoa tukipita Buxton. Wa kwanza niliyemwambia hivyo alininunia njia nzima. Wa pili, Jumanne iliyopita, alitazama ile noti, akatazama nyuma akaona na wengine wanne wameshika zao, akamgongea dereva dirisha. "Twende mpaka Posta, leo hawa wameungana." Tulifika saa 2:05. Nimeandika kwenye daftari.